Ile 50 ya usiku Mikumi, na uzio ambao haujajengwa

Swali: Mtaalamu, mimi ni dereva wa Fuso. Msimu wa vitunguu napakia Ruaha Mbuyuni kwenda Dar es Salaam, na Mikumi mara nyingi napita usiku ili niwahi soko la alfajiri. Vibao vya hifadhini vinasema 70 mchana na 50 usiku. Barabara imenyooka, lami nzuri, gari halina tatizo. Hiyo 50 ni ya usalama kweli au ni mtego wa tochi tu? Na kama wale wanyama wana thamani kubwa kiasi kile, kwa nini wasiweke uzio pande zote mbili tukapita kwa amani, au waihamishe barabara kabisa? Dereva, Iringa.

Jibu:

Ndugu yangu dereva, nianze na hiyo 50, maana hiyo naweza kukujibu kwa futi kamba.

Gari likiwa kwenye 50 linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva asiyechoka, aliye macho, humchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone kitu mbele mpaka mguu ukae sawasawa kwenye breki. Kwa muda huo gari limeshakula mita 21 na mwendo haujapungua hata kidogo. Breki zikishika, gari dogo lenye matairi mazuri kwenye lami kavu litahitaji mita 14 nyingine. Jumla 35. Panda hadi 70: mita 29 za kushtuka, mita 27 za breki, jumla 56. Panda hadi 100: mita 42 za kushtuka, 55 za breki, unafika 97. Hapo umekaribia urefu wa uwanja wa mpira, goli hadi goli.

Hilo ni gari dogo. Fuso yenye vitunguu hadi kwenye turubai haisimami hivyo. Kwa lori lililojaa, ile 70 inakula si chini ya mita 65, na 100 inakupeleka mbali zaidi ya mita 115. Wewe mwenyewe unajua gari lako likiwa na mzigo linavyosukuma. Na hapo nimechukulia breki zimerekebishwa juzi na umelala usingizi wa kutosha.

Sasa weka taa kwenye hesabu. Taa za dimu kwenye lori la kawaida zinakupa mita 40 hadi 60 za kuona vizuri, tena kama vioo vya taa havijafubaa. Kwenye njia ile huwezi kukaa na full muda wote, semi zinakuja moja baada ya nyingine. Kwa hiyo kwenye 50 unasimama ndani ya kile unachokiona. Kwenye 70 hata gari dogo linasimama ukingoni kabisa, kama bahati iko upande wake. Zaidi ya hapo unaendesha gizani, hata kama taa zinawaka. Maana ya namba ile iko hapo. Tochi ilikuja baadaye, kuwakumbusha wasioamini hesabu.

Usiniamini kwa maneno. Siku umepaki mahali pasipo na magari, uwanja wa shule hivi, chukua kiroba kilichochakaa, kile chenye rangi ya vumbi, kijaze majani na ukisimamishe. Rudi hatua 60 kubwa, panda kwenye gari, washa dimu. Kama hukioni, sogea mbele hatua tano tano mpaka kionekane chenyewe bila wewe kukitafuta. Zoezi hili nimelifanya na madereva wazoefu, na karibu kila mmoja alishuka akaenda kukagua taa zake. Na kumbuka, kile kiroba ulikuwa unajua kilipo. Hakitembei, na hakina wenzake sita nyuma ya kichaka.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wengi hawaambiwi. Tumezoea kumtambua mnyama usiku kwa macho yanayong'aa. Kwa swala, fisi au paka pori ni kweli. Lakini macho ya twiga yako juu ya taa zako zote, mita nne au tano hewani. Ukiwa na dimu hutaona macho, hutaona shingo, hutaona hata tumbo. Utaona vitu vinne vyembamba vimesimama barabarani, na ubongo utakwambia ni miti. Sekunde moja inapotea kwenye kujiuliza mti umefikaje katikati ya lami. Ukimpiga miguu, mwili wa kilo 800 au zaidi unakuja juu ya kabini, palepale ulipokaa wewe na utingo wako. Tembo naye ana rangi ya giza lenyewe. Njia nzuri ya kumjua ni kuona michirizi ya barabara, ule mstari mweupe wa pembeni, inakatika ghafla mbele yako. Mstari ukipotea pasipo na kona, kanyaga breki kwanza, tafakari baadaye.

Na je, unapoteza nini? Kipande kinachopita ndani ya hifadhi ni kama kilometa 50. Kwa 50 ni saa moja. Kwa 70 ni dakika 43. Anayekimbia 100 anatoka baada ya nusu saa. Tunabishania nusu saa, ndugu yangu, na vitunguu haviozi kwa nusu saa.

Nikubaliane nawe kwenye moja: kibao peke yake hakimpunguzi mtu mwendo. Nimekaa pembeni ya ile barabara nikitazama magari. Yanafika kwenye matuta, yanapunguza, yanaruka tuta la mwisho, halafu unasikia gia zinapanda kama vile tuta ndilo lililokuwa na wanyama. Madereva mnapeana taa kuonyeshana trafiki alipojificha. Mara chache sana nimeona dereva akimpa mwenzake taa kwa sababu ya tembo. Ningekuwa na uwezo ningependa tupimwe kwa muda badala ya tochi: unapigiwa saa ukiingia upande wa Doma, unapigiwa tena ukitokea Mikumi mjini, na aliyefika kabla ya dakika zake anajieleza. Hapo hakuna faida ya kukimbia kati ya tuta na tuta, ukiwahi utakaa ukisubiri. Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri usiku. Zamani usiku wa Mikumi ulikuwa wa malori. Sasa kuna basi lenye abiria zaidi ya 50 waliolala.

Tuje kwenye uzio, ambako ndiko kwenye utamu.

Watu wengi wanadhani hifadhi ilikuwepo, kisha ikaja barabara ikaipasua. Mikumi ni kinyume. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa ilipofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1950, wawindaji walipata njia rahisi ya kufika mbuga ya Mkata, na wanyama wakaanza kuisha. Ndipo eneo likawekewa ulinzi mwaka 1954, na mwaka 1964 likawa hifadhi ya taifa. Mzaha wa historia ni kwamba bila ile barabara huenda kusingekuwa na hifadhi. Haikupita muda mrefu, Novemba 1965, Ian Smith, kiongozi wa walowezi, akajitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Zambia ikajikuta inatafuta mlango wa bahari ambao hauko mikononi mwa walowezi. Mlango ulikuwa Dar es Salaam. Petroli ikaenda Zambia na shaba ikaja bandarini kwa malori, kwenye tope na vumbi, kabla ya lami kukamilika miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa hiyo njia unayopita na vitunguu ni mgongo wa biashara wa nchi kadhaa. Anayesema "ifungwe" kirahisi hajawahi kuisubiri shehena Tunduma.

Sasa tazama barabara ilivyokaa. Upande wa kaskazini kuna mbuga ya Mkata, tambarare ya nyasi na maji, pale penye lango la Kikoboga na bwawa la viboko. Upande wa kusini ardhi inapanda vilima vya miombo na kuendelea hadi kwenye eneo kubwa lililokuwa Selous, ambalo sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mnyama wa pale hana nyumba upande mmoja. Kiangazi, tuseme Juni hadi Oktoba, maji yanapobaki sehemu chache, anavuka kuyafuata. Mvua zikinyesha anatawanyika. Jike anavuka kutafuta malisho mapya, dume kijana anavuka kutafuta majike yasiyo dada zake. Weka uzio pande zote mbili, kilometa 50, na umekata hifadhi ya kilometa za mraba 3,230 vipande viwili. Ajali zitakwisha kweli. Lakini upande mmoja watakaa na nyasi bila maji ya kutosha, na upande wa pili watarundikana kwenye maji mpaka nyasi ziishe.

Si nadharia. Botswana walijenga uzio wa Kuke mwaka 1958 kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo usitoke kwa wanyamapori kwenda kwa ng'ombe. Kwa biashara ya nyama ulikuwa na maana. Ukame ulipobana miaka ya mwanzo ya 1980, nyumbu wa Kalahari walioelekea kwenye maji kama babu zao walivyofanya walikuta njia zao zimezibwa, wakafa maelfu kwa maelfu. Hakuna lori lolote, hata la dereva mlevi, lililowahi kufanya hesabu kama ile.

Uzio unaofanya kazi ni ule wenye milango. Mfano unaosifiwa zaidi ni Banff, Kanada, ambako barabara kuu inayokwenda kutoka pwani hadi pwani inapita ndani ya hifadhi. Walizungushia uzio, halafu wakajenga njia za wanyama: sita za juu ya barabara, zilizopandwa nyasi na miti kama kilima, na 38 za chini. Magari kugongana na wanyama kulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kinachonivutia mimi ni kwamba dubu wengine walichukua miaka kuziamini zile njia. Mhandisi anakabidhi daraja siku moja, mnyama analipokea anapotaka.

Karibu na kwetu, Kenya walifungua njia ya chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru mwaka 2011, kuunganisha msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare. Magari yanapita juu, tembo wanapita chini, na tembo waliielewa haraka kuliko watu wengi walivyotegemea. Njia ile ni moja tu, lakini iliwekwa mahali tembo walipokuwa wakipita tangu zamani, na uzio ukawaelekeza pale. Siri yote iko kwenye kuchagua mahali.

Mbona Mikumi wasifanye hivyo? Hapa ndipo wataalamu tunabishana, na nakupa upande wangu. Pale Nanyuki kuna miinuko na mabonde, kuchimba njia ya chini ni rahisi. Mkata ni tambarare ya mafuriko. Ukichimba chini, masika umechimba bwawa. Inabidi uinue barabara yenyewe juu ya tuta refu la udongo, na tuta hilo nalo linageuka ukuta kwa kila mnyama kati ya njia moja na nyingine. Halafu kuna twiga. Tembo atainama kidogo kimawazo na kupita chini ya daraja. Twiga hapendi kitu juu ya kichwa chake, na kumjengea njia ya kumtosha ni kujenga daraja la urefu wa ghorofa mbili. Njia ya juu, ile ya kilima, ingemfaa zaidi, lakini bei yake ni ya daraja pana kuliko barabara yenyewe. Naiona Mikumi ikifaa kuwa na njia mbili tatu za namna hiyo, sehemu zenye miinuko, pamoja na vipande vifupi vya uzio wa kuelekeza. Uzio wa kilometa 50 bila hizo njia siutaki hata bure.

Kuhusu kuihamisha: njia inayotajwa ni ya kuzunguka kwa Dumila, Kilosa hadi Mikumi mjini. Kwa malori ya usiku naiunga mkono. Kwa magari yote sina hakika kama ni busara. Mikumi mji unaishi kwa barabara ile, kuanzia mama lishe hadi gesti. Na kuna jambo ambalo wachumi hawaliandiki. Maelfu ya Watanzania ambao hawajawahi kulipa kiingilio cha hifadhi wamemwona tembo wao wa kwanza kupitia dirisha la basi la Mbeya, huku mtoto amepandishwa mapajani na konda anapiga kelele "kushoto, kushoto!" Ukiondoa barabara unawaondolea hilo. Serengeti kaskazini ilikuwa kesi nyingine: pale lami haikuwepo, nyumbu wanaohama ni zaidi ya milioni moja, na Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2014 ilizuia kujengwa kwa barabara ya lami katikati ya njia yao. Kuzuia barabara isiyokuwepo na kuondoa iliyokuwepo miaka 70 si kazi moja.

Hata hivyo kugongwa ni sehemu tu ya yanayofanywa na barabara. Maji ya mvua yanatiririka kutoka kwenye lami hadi pembeni, kwa hiyo nyasi za kando ya barabara hubaki kijani wakati kwingine kumekauka. Swala na ngiri wanazifuata. Usiku lami inashika joto la mchana, nyoka wanakuja kujianika, na hata simba hulala pale. Mmoja akigongwa, fisi na tai wanakuja kula, nao wanagongwa juu ya mlo wao. Nyani ndio wanaoniumiza zaidi, na hata Carlos Drews, aliyechapisha mwaka 1995 utafiti wake juu ya wanyama wanaogongwa Mikumi, aliwapa nafasi ya pekee. Nyani anakaa barabarani kwa sababu tumemfundisha. Gunia la mahindi lenye tundu linaacha mstari wa punje, abiria wanatupa maganda ya ndizi na mifupa ya kuku. Niliwahi kumkuta jike mmoja asubuhi amelala pembeni ya mstari mweupe, mkono bado umeshika kigunzi, na mtoto wake amekaa juu yake anamchambua manyoya kama vile atafukuza usingizi. Vitunguu vyako havina neno. Lakini ukipakia mahindi, kagua magunia kabla ya Mikumi, na mwambie utingo asitupe kitu.

Kuna tabia moja ya kushika. Swala, nyani, ngiri na nyumbu hawavuki mmoja mmoja. Aliyekwisha kuvuka ni taarifa tu kwamba wapo wengine. Madereva wengi wanampunguzia mwendo wa kwanza, wanakanyaga mafuta, wanampiga wa tatu. Ngiri jike akipita na mkia juu, hesabu watoto. Na usipige honi ndefu kwa tembo aliyesimama, hasa mwenye mtoto. Zima full, simama mbali, mpe muda.

Ikitokea umegonga, hata kwa bahati mbaya, usishuke kumkaribia mnyama aliye hai. Nyati aliyevunjika mguu bado ni nyati. Washa hazadi, sogea mahali panapoonekana, toa taarifa kwa askari wa hifadhi langoni na kwa polisi. Kanuni za mwaka 2012 ziliweka kiwango cha kulipa kwa kila mnyama: swala pala dola 390, nyati 1,900, simba 4,900, tembo na twiga 15,000 kila mmoja. Ni pesa nyingi, ndiyo. Lakini kosa linaloharibu maisha ya madereva ni lile la dakika tano baadaye, pale mtu anaposema "nyama isipotee" na kumpakia swala juu ya mzigo. Hapo umeacha habari za ajali, umekutwa na nyara za Serikali, na kesi hizo hufunguliwa kama uhujumu uchumi. Mwache alipo.

Na bima ndogo haitakulipia kabini iliyobonyezwa na nyati. Inalipa wengine tu. Kama gari ni lako na unapita pale kila wiki usiku, zungumza na wakala wako habari za bima kubwa kabla msimu haujaanza, na umuulize kwa maneno hayohayo: "nikigonga mnyama Mikumi, mnalipa?" Jibu alitoe kwa maandishi.